Pua Iliyopimwa kwa Nje

Kama unasoma haya mdomo ukiwa wazi, kwa sababu ukiufunga hewa inakwisha, basi wewe ndiye ninayekuandikia. Wengine wasome wakitaka. Sitakueleza mambo ya mifupa na mishipa, hayo waulize madaktari, na ukiwauliza hakikisha wamechungulia ndani kabla ya kukujibu. Mimi nitakueleza nilivyopigwa nikazibika, na nilivyozibuliwa kwa nyundo. Ndiyo, nyundo. Usikimbie, ngoja kwanza.

Naitwa Nyambura. Wakati wa emajensi, serikali ya wazungu ilipokuwa ikipigana na watu wa msituni, nilikuwa kibarua wa kuchuma kahawa kwenye shamba moja la mzungu nje ya Ruiru. Niliishi na mama wa mume wangu, Wairimu, ambaye nilimwita Mami. Mume wangu alikuwa kizuizini, kambi ambayo hakuna aliyetuambia iko wapi. Alirudi baadaye, lakini katika haya ninayoyasema hakuwepo, kwa hiyo tulikuwa wanawake wawili na nyumba moja.

Mwaka ule, kabla ya mvua ndefu, alikuja daktari mzungu kupima nyuso zetu. Alikuwa mgeni wa mwenye shamba na alikuwa akiandika kitabu. Alikuwa na chuma chenye miguu miwili, kama bikari ya watoto wa shule lakini kubwa na yenye ncha butu, nasi hatukukawia, siku ile ile tukamwita Bwana Bikari. Tulipangwa mstari pale pa kupimia kahawa. Alikubana shavu hadi shavu, akakubana paji hadi kidevu, halafu akaja kwenye pua: upana wake, urefu wake, na jinsi inavyotokeza. Karani aliandika. Aliyekuwa akitafsiri ni Elijah, dresa wa shamba, mtu mpole wa kufunga vidonda na kugawa kwinini.

"Bwana anasema," Elijah alitueleza, "akishajua upana wa pua kwa nje, anajua na hewa inayopita ndani. Hana haja ya kuchungulia."

Zamu yangu ilipofika, yule mzungu alinibana, akatazama chuma chake, akanibana tena. Pua ya kwetu ni pana, sina haya nayo, baba yangu alikuwa nayo na dada zangu wote wanayo. Akasema maneno, na Elijah akatabasamu.

"Anasema wewe una hewa ya watu wawili."

Wanawake walicheka hadi wakashikana. Mmoja akapiga kelele, "Basi achume debe za watu wawili!" Mwingine akataka kujua kama hewa iliyozidi naweza kumwazima wa pumu. Mami, ambaye pua yake ni nyembamba, alitangaza shamba zima kwamba mkaza mwanawe amesifiwa na daktari. "Mimi nimepewa hewa ya kuku," alisema, "lakini huyu wangu, wacha kabisa!" Tulicheka siku nyingi. Nakuambia hayo ujue kwamba kipimo kile tulikiamini sisi wote, si yule mzungu peke yake.

Mvua ilipoanza, nyumba zetu zilivunjwa. Vibarua wa mashamba yote ya jirani tuliamriwa kuhamia kijiji kimoja chenye uzio, na kukizunguka kijiji tukaambiwa tuchimbe handaki, refu kwenda chini kuliko mtu, na ndani yake ipandwe miti iliyochongwa ncha. Wanaume walikuwa wachache. Handaki lilichimbwa na wanawake. Kila asubuhi nyapara alikupimia kwa ufito hatua zako nne, na usipozimaliza hupati ruhusa ya kwenda kuchota maji.

Waliotulinda walikuwa homgadi, watu wa kwetu waliopewa bunduki na serikali, na homgadi wa upande wetu alikuwa Njuguna. Tulibatizwa siku moja, mimi na Njuguna, kanisa moja, maji ya karai moja. Siku moja, handaki likiendelea kuchimbwa, alikuja na wenzake wawili kukagua unga. Walikuwa wakitafuta nani anawapelekea chakula watu wa msituni. Unga wetu ulikuwa umepungua kwa sababu tulikuwa tumeula.

"Unga umeenda wapi?" akaniuliza.

"Umeenda tumboni. Ulitaka uende wapi?"

Najua. Mami alinivuta kanga ninyamaze, lakini nilikuwa nimeshasema. Njuguna aligeuza bunduki akanipiga usoni kwa kitako chake. Sikuona mkono ukija. Nilisikia ndani ya kichwa changu kitu kikivunjika kama muwa, halafu nikawa chini, na damu ilikuwa ya moto kinywani na nilikuwa nikiimeza kwa kuwa sikuweza kuitema. Akanipiga teke mbavuni nikiwa pale chini. Mami alijilaza juu yangu. Wakampiga na yeye, migongo yetu miwili ikapigwa kwa pamoja, mpaka mmoja wa wenzake akamwambia Njuguna yatosha, twende nyumba ya pili.

Siku mbili sikuruhusiwa kutoka. Siku ya tatu Elijah aliniosha kwa maji ya dawa akanifunga bendeji. Alifanya haraka bila kuniuliza kitu, maana Njuguna alikuwa amesimama mlangoni.

Uvimbe ulishuka baada ya wiki tatu. Makovu yalikauka. Pua ilikuwa imelala kidogo na imetanuka zaidi ya ilivyokuwa, lakini watu waliniambia, "Umepona, Nyambura, hata haionekani." Haionekani! Mimi ndani nilikuwa nimefungwa kama chupa. Upande wa kushoto hakukupita kitu kabisa. Wa kulia hewa ilipita kama uzi, na nikilala, huo uzi nao ulikatika.

Sasa nisikilize wewe mwenye mdomo wazi, uone kama hatufanani. Midomo ilipasuka ikatoa damu. Ulimi ulikauka ukawa kama kipande cha mbao. Kula ikawa kazi, kwa sababu huwezi kutafuna na kupumua kwa wakati mmoja: unatafuna mara tatu, unapanua mdomo, unavuta, unatafuna tena, na watoto wa jirani wanakutazama. Chakula hakikuwa na ladha. Ugali, maharagwe, viazi, vyote sawa. Moshi sikuusikia, maua ya kahawa sikuyasikia. Nililala nimeketi, nimeegemea nguzo, na kila nikizama usingizini nilishtuka nikipapatika, kana kwamba mtu amenishika koo. Hasira yangu, ambayo hata kabla ya hapo haikuwa ndogo, ikawa ya mnyama. Mtu asiyepata pumzi hana subira na mtu.

Na handaki lilikuwa likiningoja. Sururu unainyanyua kwa pumzi, si kwa mkono. Hatua moja nilimaliza, ya pili nikaona giza. Nilianguka mara ya kwanza wakanimwagia maji. Mara ya pili Njuguna alishuka na kiboko akanipiga mapajani, akisema uvivu huu anaujua vizuri sana. Mara ya tatu, sijui nini kilinipata, nilikuwa na karai la udongo mikononi nikamrushia usoni. Ai! Walinishika watatu. Wiki nzima sikuweza kukaa.

Elijah aliniambia kuna njia moja tu. Daktari akiandika karatasi kwamba mimi ni mgonjwa, nitatolewa handakini. Na daktari tuliyekuwa naye ni Bwana Bikari.

Ilikuwa Julai, ukungu haukuwa ukiondoka hadi saa sita. Tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya shamba tangu asubuhi, mimi na mzee mwenye jipu na mama mwenye mtoto wa kuharisha. Mdomo wangu ulikuwa wazi na baridi iliniingia mpaka kifuani. Nilikuwa nimejiandalia maneno. Nilijiambia, Nyambura, leo usijibu mtu vibaya, leo ongea kama mtu wa kanisa.

Nikaingia, nikasema kwa adabu zote kwamba siwezi kupumua. Elijah akatafsiri. Bwana Bikari akafungua daftari lake, akatafuta jina langu, akachukua chuma. Akanibana pua. Iliniuma hadi machozi yakatoka. Akatazama daftari, akatazama chuma, na nikaona uso wake unang'aa kwa furaha. Akaongea haraka haraka.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Nyambura..."

"Sema, Elijah."

"Anasema pua yako imeongezeka. Anasema sasa una hewa zaidi kuliko mwanzo."

Nilidhani anatania. Nikamwambia Elijah amwambie mzungu aweke kidole hapa, aweke sikio, achungulie tu, tundu ni mbili na taa iko mezani. Elijah akasema, nadhani, nusu ya hayo. Yule mzungu akatikisa kichwa bila ubaya, kama mtu anayemsikiliza mtoto, akaandika karatasi. Karatasi ilisema: pua pana, hewa ya kutosha, afya nzuri, afanye kazi. Kitako cha bunduki kilikuwa kimenipanua kwa nje na kunifunga kwa ndani, na mtu aliyesoma vitabu akahesabu hilo kuwa faida yangu.

Nilichukua ubao wake wa kuandikia nikautupa ukutani. Nikatolewa nje kwa kuburutwa. Mbona nikufiche?

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi, maana Mami aliiamini karatasi. Usimlaumu. Kwake daktari ni daktari, na yeye mwenyewe ndiye aliyenitangaza kwa ile hewa ya watu wawili. Akaanza kusema kwamba pua yangu ni nzima ila imezoea uvivu tangu nilipoumia, na dawa yake ni kuifundisha upya.

"Ukifunga mdomo itabidi ifanye kazi," alisema.

"Mami, nikifunga mdomo nakufa."

"Umepimwa mara mbili, mwanangu. Mara mbili!"

Jumapili moja mchana, baada ya kanisa, nilipitiwa na usingizi nikiwa nimeegemea ile nguzo. Mami akachukua kitambaa, akanipandisha kidevu taratibu, akanifunga taya kwa kukizungusha kitambaa kichwani, kama tunavyowafunga maiti wetu. Alikuwa akiniombea huku akifunga. Niliamka sina hewa. Sikujua niko wapi, sikujua ni nani yuko juu yangu, niliona tu uso karibu na uso wangu na nikajua ninauawa. Nikapiga. Nilipiga kwa ngumi, mara mbili au tatu, na kile kitambaa kilipokatika nilivuta hewa kwa sauti ambayo majirani waliisikia. Halafu nikaona ni Mami, amekaa chini, mkono mdomoni, na jino lake liko kwenye kiganja.

Kwetu mtu hampigi mama wa mumewe. Si aibu tu, ni uchafu unaohitaji mbuzi na wazee, na hata mbuzi akichinjwa watu hawasahau. Nilipiga magoti nikalia. Majirani wakaja mlangoni wakauliza kuna nini.

"Nimejikwaa kwenye jiwe la meko," Mami akawaambia, damu ikimtoka. Wakaondoka.

Hakunigombeza. Alisema rangi niliyokuwa nayo aliiona mara moja tu maishani, kwa mtoto wake aliyezaliwa na kitovu shingoni. Kisha akainuka, akachukua kisu cha kumenyea viazi, akakipangusa kwa pindo la nguo hadi kikang'aa, akakiloweka kwenye mtungi wa maji baridi, akakikausha, akaniwekea chini ya pua.

"Funga mdomo kidogo tu. Pumua."

Nikajaribu. Akakitazama kisu mwangani. Akajiwekea na yeye chini ya ile pua yake ya kuku: kisu kikapata ukungu pande mbili, mkubwa, mweupe. Akakipangusa akaniwekea tena. Hakukuwa na kitu. Kisu kilikuwa kikavu.

"Ngai," akasema. "Na mimi nimekufunga mdomo."

Alitoka na kile kisu hadi kwa Elijah, hakuwa na pasi ya kutembea wala ruhusa, akamtoa dresa kwenye chakula. Elijah alikuja akafanya jambo lile lile na kisu kile kile mara tatu. Akakaa kwenye kigoda akijishika kichwa. Alisema akiandika kwamba pua imeziba, karatasi yake itapingana na ya daktari, naye atafukuzwa na kupelekwa kambini kesho.

"Basi andika kitu kingine," Mami akamwambia. "Andika kitu wanachokiogopa."

Elijah akafikiri. Halafu, yule mtu mpole mwenye woga, akachukua karatasi akaandika kifua kikuu. Kwa kifua kikuu dresa alikuwa na ruhusa ya kumtoa mtu shambani mara moja. "Huyo mzungu," akasema, "anaogopa kifua kikuu kuliko watu wa msituni." Kesho yake asubuhi nilipandishwa nyuma ya lori la shamba peke yangu, mtu wa kuogopwa, nikapelekwa Thika kwenye hospitali ya misheni.

Nimesikia watu wakisema hospitali ni mahali pa kupumzika. Nilikaa kwenye benchi siku mbili. Benchi lilikuwa limejaa wagonjwa wa viwandani na wa mashamba ya mkonge, mmoja vidole vimeliwa na mashine, na kila mlango ukifunguliwa wote tunainua vichwa. Kisha nikawekwa wodi ya wakohozi wiki mbili. Nililia hapo, kwa hofu ya kuupata kweli ule ugonjwa niliousingizia. Makohozi yangu yakapimwa na hayakuwa na kitu. Sista mmoja, mzungu mfupi mwenye sauti kubwa, akaja kunifukuza kwa hasira kwamba nimemchukulia mtu kitanda.

Nikamwambia ukweli wote palepale, mpaka kisu. Hasira yake ikaisha katikati. Akaleta taa na kichuma kidogo cha kutanulia pua, akachungulia. Alikuwa mtu wa kwanza kuchungulia. Miezi yote ile, wa kwanza!

"Nani alisema hii ni nzima?" akaniuliza.

"Daktari. Alipima kwa nje."

Akasema neno la kwao ambalo nadhani masista hawaruhusiwi kulisema.

Daktari wa kupasua alikuwa Mhindi aliyekuja kila baada ya wiki mbili. Nilimngoja wiki moja na nusu. Alinionyesha kwa vidole vyake viwili: ukuta wa katikati ya pua umevunjika ukajikunja, umelalia upande mmoja wote, na wa pili umejaa nyama. Nikamuuliza kuhusu upana, kuhusu ile bikari. Alicheka kidogo. Alisema amewaona watu wa pua nyembamba kama kalamu wanaopumua vizuri, na watu wa pua pana waliozibika kabisa, na kwamba ukitazama mlango kwa nje huwezi kujua ndani kumerundikwa nini. Haya ndiyo ninayotaka uende nayo wewe unayesoma: mtu akikupima kwa nje tu na kukuambia huumwi, tafuta mwingine. Chukua hata kisu cha jikoni.

Sasa nyundo. Hawakunilaza usingizi. Walinisokomeza pamba zenye dawa ya ganzi puani hadi machozi yakanitiririka, wakanifunga mikono kwa shuka, na nesi mnene akanishika kichwa kwa mikono miwili kama anayeshika tikiti. Maumivu hayakuwa mengi, lakini sauti! Patasi inawekwa ndani ya uso wako, nyundo inagonga, na unasikia mfupa wako mwenyewe ukipasuka karibu na macho. Kila pigo nilimwona Njuguna. La nne nikapiga teke, sinia la vyuma likaruka likamwangukia Sista miguuni. La tano nikamng'ata nesi mkono. Hakuniachia. "Ng'ata tu, mama," alisema, "lakini kichwa usitingishe." Nikang'ata. Daktari akatoa vipande vya mfupa kimoja kimoja akaviweka kwenye bakuli, na kila kimoja kiligonga bakuli nikakisikia.

Siku tatu nilikaa pua imejazwa utepe wa bendeji, uso umevimba, macho meusi. Siku ya nne Sista akauvuta ule utepe. Ulikuwa mrefu, ulitoka na ulitoka, nilidhani ananitoa ubongo. Damu ikafuata. Akaniambia nifunge mdomo.

Nikafunga. Hewa ikapita. Ilipita pande zote mbili, baridi, ikashuka hadi chini kabisa, na sikuwa nimefanya lolote. Nililia kwa sauti mpaka wodi nzima ikaja kutazama, na nesi niliyemng'ata alilia pia. Baada ya siku chache harufu zikaanza kurudi. Kwanza dawa ya kusugulia sakafu, kisha sabuni, kisha chai ya maziwa ya wauguzi. Nilikuwa nakwenda karibu na mlango wa jikoni yao kusimama tu.

Sista alinipa barua yenye muhuri: mwezi mzima nisichimbe, nisibebe mzigo, nisiiname. Nilirudi Ruiru mvua fupi zikiwa zimeanza, baada ya wiki sita. Njia nzima nilikuwa natabasamu mdomo umefungwa.

Niliingia nyumbani nikasikia harufu ya moshi wetu, nikafurahi kama mjinga. Mami alikuwa ameketi karibu na meko, shuka miguuni. Alikuwa amekonda. Alinishika uso kwa viganja, akanitazama puani, akacheka na lile pengo nililomtia. Akanipa uji. Nikainama kuunusa uji, na chini ya harufu ya uji kulikuwa na harufu nyingine.

"Mami, kuna panya amefia humu."

"Labda."

Niliweka uji chini nikatafuta. Niliinua magunia, nikainua mkeka, nikachungulia nyuma ya mtungi. Kila nikienda mbali na meko harufu ilipungua, na kila nikirudi ilizidi. Mami hakusogea. Nikasimama mbele yake, nikashika shuka. Akaishikilia. Tukavutana, mimi na mwanamke yule niliyekwisha kumpiga mara moja, na mimi nikashinda.

Mguu wa kulia, kuanzia juu ya kifundo, ulikuwa mweusi. Sururu ilikuwa imempasua muundi. Alikuwa ameujaza majani na vitambaa, na nyama chini ya vitambaa ilikuwa imeoza mpaka mfupa unaonekana. Kumbe tangu nilipoondoka, nyumba yetu ilikuwa ikidaiwa hatua nane kila siku, nne zake na nne zangu, na alizichimba zote yeye. Kijiji kizima kilikuwa kikiisikia ile harufu.

"Kwa nini hukwenda kwa Elijah?" Nilikuwa nampigia kelele. "Kwa nini, Mami?"

"Ningeandikiwa kupumzika. Halafu hatua nane nani angezichimba? Wangekufuata Thika wakurudishe." Akavuta pumzi. "Nilijua huwezi kunusa. Nilifikiri nitapona kabla pua yako haijapona."

Nilimbeba. Nisiiname, nisibebe mzigo, ndivyo ilivyoandikwa, nami nikainama nikamtia mgongoni, nikamfunga kwa kanga kama mtoto. Getini alikuwa Njuguna. Akataka pasi. Sikuwa nayo. Nikaendelea kutembea. Akanipiga begani kwa kitako cha bunduki, nikayumba, nikashika uzio, nikajinyoosha, nikaendelea. Akainyanyua tena, safari hii usoni, na mimi nikamtazama bila kufunga macho. Ndipo ile harufu ya Mami ikamfikia. Aliishusha bunduki akaziba pua kwa kiganja, akageuka kando, akatapika. Tukapita.

Kutoka pale hadi barabara kuu ni mwendo wa saa moja katikati ya kahawa. Niliumaliza bila kusimama. Lori la mkonge likatuchukua hadi Thika. Mami alikatwa mguu chini ya goti na yule yule Mhindi, na aliishi. Nilimwacha mikononi mwa Sista, nikarudi bila kungoja barua yake, kwa sababu mtu asiporudi hutafutwa.

Mkuu wa kijiji aliisoma barua yangu mara mbili. Akasema barua ni moja, na wagonjwa kwenye daftari lake ni wawili, na asiyekuwa na barua lazima awe handakini kesho, awe hospitali au asiwe, ataletwa. Akaniambia nichague mgonjwa ni nani.

"Mgonjwa ni Wairimu," nikasema.

Akakata jina langu kwenye barua kwa kalamu, akaandika la Mami juu.

Asubuhi nyapara akaninyooshea ufito, akanipimia zangu nne. Nilishuka. Damu ilinitoka puani kabla sijamaliza hatua ya kwanza, nikaipangusa kwa mkono wenye udongo. Njuguna alisimama ukingoni akingoja aone nikihema. Nilichimba hatua zote nne mdomo wangu ukiwa umefungwa.